Mzee wa Baraza Akiwa na Upande: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Upendeleo katika Kesi za Jinai Uganda

Kila seshoni ya jinai ya Mahakama Kuu, yaani kipindi cha kusikiliza kesi nyingi mfululizo, inapofunguliwa, maswali haya hurudi: kutoka kwa ndugu wa washtakiwa, kwa familia za waliouawa au kudhulumiwa, na kwa walioitwa wenyewe kukaa na jaji. Majibu yaliyomo humu ni ya kukufumbua macho tu. Mwenye faili la kesi yako ni wakili wako, na la kwake ndilo la kufuata.

## Mambo ya msingi

1. Uganda kuna juri kama tunavyoona kwenye sinema?

Hakuna. Hapa hakuna watu kumi na wawili wanaofungiwa chumbani na kutoka na neno "ana hatia". Kesi nzito kama mauaji, ubakaji, uhaini, ujambazi wa silaha na makosa makubwa zaidi ya kunajisi watoto huenda Mahakama Kuu, na huko jaji hukaa na wazee wa baraza, ambao wengi huwaita maasesa. Sheria inataka wawe wawili au zaidi. Wanasikiliza ushahidi wote, na mwishoni kila mmoja anatoa maoni yake kwa mdomo mbele ya watu wote. Hukumu yenyewe huandikwa na jaji.

Katika mahakama za hakimu hutawakuta wazee hawa. Aliyeiba kuku au aliyepigana baa atakutana na hakimu peke yake, na suala la upendeleo litamhusu hakimu huyo (tazama swali la 19).

2. Utaratibu huu ulitoka wapi, na kwa nini sisi tumebaki nao?

Uliletwa na Waingereza, na wao waliutoa katika sheria za mashtaka walizokuwa wakizitumia India. Jaji wa kikoloni hakujua lugha wala mila za watu aliowahukumu, kwa hiyo aliwekewa wenyeji wa kumshauri, ila kura ya mwisho hakupewa mwenyeji. India yenyewe iliuondoa mwaka 1955. Kenya iliufuta mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2022 ilibadilisha sheria hata kukaa na wazee katika Mahakama Kuu kukawa si lazima tena.

Leo jaji wetu ni Mganda kama mimi na wewe, na wapo wanaosema wazee hawana kazi tena. Lakini Katiba ya 1995 inasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi, na ibara ya 127 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwashirikisha wananchi katika utoaji haki. Ukiwaondoa wazee wa baraza, sijui mwananchi wa kawaida atabakiwa na kiti gani katika kesi ya mauaji zaidi ya benchi la watazamaji.

3. "Asiyependelea upande" ni mtu gani hasa? Ni yule asiyejua lolote kuhusu kesi?

Wengi hukosea hapa. Katika mji mdogo kama Bombo au Kitgum, mtu akiuawa Jumamosi, Jumapili sokoni wanazungumza habari hiyo. Ukitaka mzee ambaye hajasikia chochote, utapata asiyetoka nyumbani kwake, na huyo hatakusaidia kitu.

Kinachotakiwa ni mtu anayeweza kuyaweka kando aliyoyasikia na kuamua kwa yaliyosemwa kizimbani peke yake. Kusikia habari si kosa. Kufunga moyo kabla ya shahidi wa kwanza kusimama ndilo kosa. Halafu kuna upande wa pili ambao watu husahau: lazima haki ionekane inatendeka. Mzee anaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini kama ni shemeji yake mpelelezi wa kesi, mshtakiwa hawezi kulala usingizi akijua ndiye anayemshauri jaji.

Haki hii imeandikwa katika ibara ya 28 ya Katiba: kusikilizwa kwa haki, haraka na hadharani mbele ya mahakama huru isiyopendelea. Ibara ya 44 inaiweka kati ya haki chache ambazo hazigusiki hata nchi ikiwa katika hali ya hatari.

4. Nani anaweza kuwa mzee wa baraza? Lazima awe mzee kweli?

Wala. Sheria inataja raia wa Uganda wa miaka 21 hadi 60, mwanamume au mwanamke, anayeielewa lugha ya mahakama kiasi cha kufuata kesi bila kupotea. Lugha hiyo ni Kiingereza. Kuna makundi yanayosamehewa kwa sababu ya kazi zao, wakiwemo mawakili na polisi, na ukiwaza kidogo utaona kwa nini.

Hapa pana kasoro ambayo sheria haikuikusudia. Shahidi anaweza kutoa ushahidi kwa Kiswahili, Kiluo au Lugbara, na karani akautafsiri. Mzee anayejua lugha zote mbili anasikia ushahidi mara mbili, na wakati mwingine anasikia kitu ambacho karani amekiacha. Akiona hivyo, amwambie jaji hapohapo, mbele ya wote. Akikaa nacho moyoni na kukitumia kwenye maoni yake, atakuwa anaamua kwa ushahidi ambao wakili hakupata nafasi ya kuugusa.

## Kabla ya kiapo

5. Ni lini hasa naweza kumpinga mzee wa baraza?

Kabla hajaapishwa. Kama utasoma jibu moja tu humu, soma hili.

Inakuwa hivi. Mshtakiwa amesomewa mashtaka, amekana. Karani anawataja wazee waliopangwa, nao wanasimama. Jaji anamuuliza mshtakiwa, kupitia mkalimani kama anahitajika, kama ana pingamizi na yeyote kati yao, kisha anauuliza upande wa mashtaka. Mshtakiwa, ambaye ametoka rumande asubuhi hiyo na hajui hata mlango wa kutokea uko wapi, anatikisa kichwa: hana. Wazee wanaapa kwamba watamshauri jaji bila upendeleo kwa kadiri ya ujuzi na uwezo wao, na basi. Hayo yote ni dakika chache.

Kwa hiyo kazi ifanyike mapema. Familia iulize majina siku hiyo asubuhi, iyaangalie, na ikijua lolote imnong'oneze wakili kabla jaji hajaingia. Wakili anayelipwa na serikali kwa kesi za kifo au kifungo cha maisha mara nyingi anakutana na mteja wake siku hiyohiyo. Hawezi kujua kwamba mzee wa pili alikuwa mpangaji wa marehemu. Wewe ndiye unayejua.

6. Sababu zipi zinakubalika?

Sheria inataja nne. Ya kwanza ni upendeleo, uwe umedhihirika au unaweza kudhaniwa kutokana na uhusiano. Ya pili ni hali ya mtu binafsi: utoto, uzee uliokithiri, uziwi, upofu au udhaifu wa mwili. Ya tatu ni tabia, yaani aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo jaji anaona linamwondolea sifa. Ya nne ni kutoielewa lugha ya mahakama.

Tatu za mwisho huonekana kwa macho au kwa karatasi, wala hazina maneno mengi. Ya kwanza ndiyo yenye kazi. Upendeleo wa kudhihirika ni kama mzee aliyesikika akisema "huyu lazima anyongwe". Wa kudhaniwa hauhitaji aseme lolote: ni ndugu wa damu au wa ndoa, ni mwajiri, anamdai, wana kesi ya shamba. Jaji haulizwi kama mzee huyo ni mtu mbaya. Anapima kama mtu mwenye akili timamu, akijua uhusiano huo, angekuwa na wasiwasi wa kweli.

Lete jambo mahususi. "Simwamini tu" haimfikishi jaji popote. "Mke wake ni dada wa shahidi namba mbili" inamfikisha.

7. Naweza kumkataa mzee bila kutoa sababu?

Hapana. Sheria yetu inasema wazi kwamba hakuna kumpinga bila sababu. Marekani wanaruhusu idadi fulani: katika kesi kubwa za shirikisho zisizo za kifo, upande wa utetezi unaweza kuwaondoa watu kumi na upande wa serikali sita bila kueleza neno. Ruhusa hiyo ilitumiwa miaka mingi kuwaondoa watu weusi hadi Mahakama ya Juu yao mwaka 1986, katika kesi ya Batson, ilipoamua kwamba rangi haiwezi kuwa msingi. England waliifuta ruhusa hiyo kabisa mwaka 1988.

8. Mzee ni wa kabila la marehemu. Hiyo si sababu ya kutosha?

Kabila peke yake, dini peke yake au chama peke yake, hapana. Kama ingetosha, seshoni ya Moroto au ya Mubende isingepata mzee hata mmoja. Lakini ikiwa kesi yenyewe imezaliwa na ugomvi wa makundi hayo, tuseme watu waliuana kwa ajili ya malisho na mzee anatoka katika ukoo ulioibiwa ng'ombe, hapo kuna jambo la kusema. Sababu yako iwe ule ugomvi na mahali anaposimama yeye. Kabila liwe maelezo tu.

9. Na akiwa anatoka kijiji kimoja na marehemu?

Inategemea. Uliza mambo madogomadogo: alihudhuria mazishi kama jirani tu, au alikuwa kwenye kamati na kukusanya mchango? Alikuwa kati ya waliokimbilia mahali pa tukio? Alihudhuria kikao cha LC1, yaani baraza la kijiji, kilichomkabidhi mshtakiwa kwa polisi? Aliyekuwepo kwenye tukio ni shahidi mtarajiwa, na shahidi hawezi kuwa mshauri wa jaji. Mwenye hata mojawapo ya hayo, lisemwe. Asiyekuwa na lolote zaidi ya kuishi kijiji hicho, jaji anaweza kumwacha akae.

10. Mimi ndiye niliyeitwa, na mshtakiwa namfahamu. Niseme au ninyamaze?

Sema, ndugu yangu, tena kabla ya kushika Biblia au Kurani. Simama useme: "Mheshimiwa, huyu tulisoma naye," au "Baba yake alinifundisha kazi." Hakuna atakayekufunga kwa hilo. Jaji atauliza maswali mawili matatu, aidha akuache ukae au akupumzishe na mwingine achukue nafasi.

Wengine hunyamaza kwa sababu ya posho, ambayo katika seshoni ya wiki kadhaa si haba kwa mtu asiye na kazi. Nawaelewa. Lakini ukweli ukija kujulikana kesi ikiwa katikati, utakuwa umewapotezea muda mashahidi waliotoka mbali na mshtakiwa aliyekaa gereza la Luzira miaka akisubiri siku hiyo.

## Kesi ikiendelea

11. Nimemwona mzee wa baraza akinywa chai na shahidi wa upande wa pili. Nifanye nini?

Usimfuate, usimpige picha za kumtisha, usiandike Facebook. Mwambie wakili saa hiyohiyo: saa ngapi, wapi, nani na nani, umewasikia wakisema nini. Wakili atamweleza jaji, na mwendesha mashtaka awepo.

Mazingira ya mahakama zetu yanachangia. Mahakama nyingi za wilayani zina mti mmoja wenye kivuli na mama mmoja anayeuza chai na chapati. Wakati wa mapumziko shahidi, askari, mama wa mshtakiwa na mzee wa baraza wote wanapanga foleni kwa sufuria moja. Kusalimiana pale si rushwa, na jaji anajua hivyo. Anachotaka kujua ni kama walizungumzia kesi. Ikiwa walizungumza, anaweza kumwondoa mzee huyo (kuhusu kitakachofuata, tazama swali la 14).

Wewe mzee wa baraza, chai yako inywee chumbani kwa makarani. Inapunguza maneno.

12. Kesi imesemwa redioni na kwenye makundi ya WhatsApp. Bado kuna mzee asiye na upande?

Anaweza kuwepo, kwa maana tuliyoieleza katika swali la 3. Kinachotakiwa ni jaji awaonye wazee waziwazi kwamba ya mitandaoni wayaache huko, na wakili aombe onyo hilo kama halikutolewa.

Mfano unaotajwa dunia nzima ni wa daktari Sam Sheppard wa Ohio, Marekani, aliyehukumiwa mwaka 1954 kwa kumuua mkewe. Magazeti yalimhukumu kabla ya mahakama. Hata majina na anwani za wanajuri zilichapishwa. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo kwa sababu jaji aliwaacha waandishi wageuze kesi kuwa tamasha. Aliposhtakiwa upya mwaka huohuo, aliachiwa huru.

Jambo moja la kwetu: mzee wa baraza akiwa ndani ya kundi la WhatsApp la kijiji ambamo video ya maiti inazunguka na watu wanatoa hukumu, atoke kwenye kundi hilo mpaka kesi iishe. Kunyamaza humo ndani hakutoshi, maana anasoma.

13. Mzee anauliza maswali makali kwa mshtakiwa peke yake. Anaruhusiwa?

Kuuliza anaruhusiwa, kwa idhini ya jaji au kupitia kwake, na maswali yawe yale ambayo jaji mwenyewe angeweza kuyauliza. Kazi yake ni kupata ufafanuzi: taa ilikuwa wapi, ulisimama umbali gani, mwezi ulikuwa unawaka? Hayo ni maswali mazuri, na mara nyingi mzee huuliza lile ambalo mawakili wote wamelipita, kwa sababu anajua nyumba ya nyasi ilivyo gizani.

Kumbana shahidi kama wakili ni jambo jingine. Majirani zetu Tanzania walilichukulia kwa uzito: Mahakama ya Rufani yao imefuta kesi kadhaa ambamo wazee wa baraza waliachwa wahoji mashahidi kwa ukali wa upande wa pili, kwa hoja kwamba anayefanya hivyo ameshachagua upande. Wakili wako akiona hivyo asimame apinge, na pingamizi liandikwe kwenye mwenendo wa kesi.

14. Mzee mmoja hakuja siku mbili. Kesi inaharibika?

Mmoja akizuiwa na sababu ya kutosha, kama ugonjwa au msiba, kesi inaendelea na waliobaki. Wakikosekana zaidi ya mmoja, kesi inasimama na inaanza upya na wazee wengine. Aliyekosa sehemu ya ushahidi asirudi kukaa kana kwamba alikuwepo na kisha atoe maoni. Atakuwa anamshauri jaji kuhusu mashahidi ambao hakuwaona wakitokwa jasho.

15. Wazee hawahawa wamesikiliza kesi nyingine tatu za kunajisi watoto wiki hii. Hawajachoka na kukasirika?

Wasiwasi huu una maana. Seshoni moja huwa na kesi nyingi mfululizo, na wazee walewale huweza kupangiwa kadhaa. Akishasikiliza kesi tatu za watoto, mzee anaweza kumwona kila mshtakiwa kama yule wa Jumatatu. Hiyo peke yake si sababu ya kisheria ya kumpinga. Ila kama kesi hizo zinaingiliana, tuseme mshtakiwa mmoja au shahidi mmoja ambaye mzee alishasema haaminiki, ama anaaminika, wakili awe na neno kabla ya kiapo.

16. Nimeambiwa mzee anataka "kitu kidogo" ili aseme sina hatia. Nimpe?

Usimpe. Utakuwa umetenda kosa wewe, na hutakuwa umenunua chochote, kwa sababu maoni yake hayamfungi jaji (tazama swali la 17). Mwambie wakili wako, au peleka malalamiko kwa msajili wa mahakama au kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Wanaokuja kusema "mzee amenituma" mara nyingi hawajatumwa na mtu.

## Maoni, hukumu na rufaa

17. Maoni ya wazee yana uzito gani?

Pande zote zikimaliza, jaji anawaeleza wazee sheria na kuwapitishia ushahidi, kisha anamtaka kila mmoja aseme maoni yake, na yanaandikwa. Jaji hafungwi nayo. Lakini akienda kinyume na wengi wao, lazima aandike sababu katika hukumu.

Mara kwa mara utasoma kwenye hukumu kwamba wazee "kwa maoni yao ya pamoja" walishauri hivi au vile: mmoja amesoma karatasi kwa niaba ya wote. Sipendi desturi hiyo. Sheria ilitaka kila mmoja aseme lake, ili mzee mpole asifunikwe na mwalimu mkuu mstaafu aliyekaa kando yake. Upendeleo wa mmoja hujificha vizuri sana ndani ya "sisi".

18. Wazee wote walisema sina hatia, jaji akanifunga. Hiyo ni rufaa tayari?

Si yenyewe tu. Angalia sababu alizotoa. Kama hakutoa kabisa, au alizotoa hazilingani na ushahidi, hapo una hoja. Taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, kwa hiyo usisubiri mpaka upate nakala ya hukumu ndipo uanze kuhangaika.

Kinyume chake pia hutokea: wazee wanashauri mtu afungwe, jaji anamwachia. Kwa sababu jaji lazima aeleze, familia inaweza angalau kusoma kwa nini. Juri la England halielezi kitu.

19. Na jaji au hakimu mwenyewe akiwa na upande?

Wakili anamwomba ajitoe, na anayesikiliza ombi hilo kwanza ni jaji mwenyewe. Msingi ni ule wa swali la 6: uhusiano, maslahi, au maneno aliyokwisha kuyasema. Kukunyima dhamana wiki iliyopita si upendeleo, ni uamuzi, na dawa yake ni kukata rufaa au kuomba mapitio.

20. Nimegundua baada ya hukumu kwamba mzee alikuwa ndugu wa marehemu. Nimechelewa?

Hujazuiwa, lakini mlima ni mrefu. Sheria inasema mahakama ya rufaa haitengui hukumu kwa kasoro ya utaratibu isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki kutotendeka. Tena katika kupima hilo, inatakiwa iangalie kama pingamizi lingeweza, na lingepaswa, kutolewa mapema. Ndiyo sababu nimelitilia mkazo swali la 5.

Tofauti itakuwa kati ya aliyejua akanyamaza na ambaye hakuwa na namna ya kujua. Kama uhusiano ulifichwa, onyesha jinsi ulivyougundua, lini, na kwa nini hukuweza kuujua kabla. Majaji wa rufaa wataangalia pia hukumu ya jaji: kama ushahidi ulikuwa mzito na sababu zake zinasimama bila msaada wa mzee yule, watasita kuigusa.

21. Nikitafuta vifungu hivi kwenye mtandao, namba hazilingani. Kwa nini?

Kwa sababu toleo jipya la sheria zote za Uganda, lililoanza kutumika Julai 2024, limebadilisha namba za sura na vifungu. Hukumu za zamani zinataja namba za zamani. Ndiyo maana humu sikutaja namba isipokuwa za Katiba.

## Ndugu zetu walio nje

22. Kaka yangu yuko London, ana pasi ya Uganda, lakini ameletewa barua ya kuitwa juri. Ni matapeli?

Yaweza kuwa barua halali kabisa. England huwaita watu kwa kubahatisha kutoka daftari la wapiga kura, wa miaka 18 hadi 75, walioishi Uingereza angalau miaka mitano tangu wafikishe miaka 13. Uganda iko katika Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi huko kihalali anaweza kujiandikisha kupiga kura. Akishajiandikisha, jina lake liko kwenye kapu. Asipuuze barua hiyo, kuna faini.

Asithubutu pia kumtafuta mshtakiwa kwenye Google. Tangu sheria ya 2015, mwanajuri anayechunguza kesi kivyake huko anatenda kosa la jinai linaloweza kumpeleka jela hadi miaka miwili.

23. Na wa Boston?

Marekani lazima awe raia wao. Barua ikimfikia na yeye hajapata uraia, ajaze sehemu inayouliza uraia kwa ukweli na airudishe. Akiwa raia, ajiandae kuulizwa maswali mengi na jaji na mawakili: umewahi kuibiwa, una ndugu polisi, unaamini nini kuhusu adhabu ya kifo? Huko ndiko wanakochuja upendeleo, na huchukua siku kadhaa katika kesi kubwa. Ajibu kweli hata kama jibu linamwondoa.

24. Kule wanajuri wakifanya vituko chumbani, nani atajua?

Swali zuri, maana yanayosemwa humo ni siri na mahakama hazipendi kuchungulia. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikia ushahidi kwamba wanajuri wa kesi moja walikuwa wakilewa na kutumia dawa za kulevya wakati wa kesi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2017, ililegeza kwa jambo moja: mwanajuri akitamka wazi kwamba anamhukumu mtu kwa sababu ya rangi au asili yake, siri hiyo inaweza kufunguliwa.

England kilitokea kisa cha ajabu zaidi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa iliamuru kesi ya mauaji isikilizwe upya kwa sababu baadhi ya wanajuri, wakiwa hotelini usiku, walifanya ramli kwa ubao wa kuita mizimu ili kumuuliza marehemu nani alimuua. Wanaodhani ramli ni yetu peke yetu wakumbuke hoteli hiyo.

## Maswali ya pembeni

25. Mwenyekiti wa LC1 ni mjomba wa mdai wangu. Anaweza kunihukumu?

Mahakama za LC hazisikilizi kesi za mauaji wala ubakaji. Ziko kwa madai madogo na mambo ya mila. Lakini nazo zinatakiwa kusikiliza pande zote mbili bila upendeleo. Sema mbele ya kikao kwamba ana uhusiano, omba akae pembeni, na uhakikishe imeandikwa.

26. Na mahakama ya kijeshi?

Humo wanaoamua ni maafisa wa jeshi. Tarehe 31 Januari 2025, katika kesi iliyotokana na mashtaka ya Michael Kabaziguruka aliyekuwa mbunge, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia kwenye mahakama za kijeshi kunakwenda kinyume na Katiba. Uhuru wa mahakama hizo, na uwezo wao wa kuamua bila upendeleo, ndilo lililokuwa kiini cha hoja. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya jeshi, na mjadala haujapoa.

27. Mshtakiwa akikubali kosa, wazee wanahitajika?

Hapana, kwa kuwa hakuna cha kushauriana. Ni hivyohivyo kwa anayefikia makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka chini ya kanuni za mwaka 2016.

28. Mzee wa baraza anaamini uchawi, na kesi ni ya aliyemuua mtu akisema ni mchawi. Apingwe?

Kuamini uchawi hakumwondoi mtu. Ukiwaondoa wote wanaoamini, katika sehemu nyingi utabaki na viti vitupu. Tena mzee huyo ndiye anayeweza kumweleza jaji hofu ya mshtakiwa ilikuwa ya namna gani, na kwa nini jogoo aliyechinjwa mlangoni usiku alimtoa mtu akilini.

Mpaka uko katika sheria yenyewe. Tangu kesi ya Eria Galikuwa iliyotoka hapa Uganda na kuamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1951, imani ya uchawi inaweza kuhesabiwa kama uchokozi, yaani kuchokozwa kunakolipunguza kosa la mauaji, pale tu kitendo cha kichawi kilipofanywa mbele ya mshtakiwa na hasira ikampanda papo hapo. Hofu kwamba "atanimaliza siku moja" haitoshi. Jaji anatakiwa kuwaeleza wazee hivyo kabla hawajatoa maoni. Mzee anayeweza kusema "naamini uchawi upo, lakini kwa ushahidi huu hakukuwa na uchokozi" anafaa kabisa. Yule aliyesikika kwenye foleni ya chai akisema mchawi hana haki ya kuishi, jina lake lifike kwa wakili kabla jaji hajarudi kutoka mapumziko.